Check: jina la mfalme wa Uajemi lililofika hadi kwenye hundi

Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza, tafuta neno check, utakuta safu ndefu ya maana ambazo ukizitazama harakaharaka hazina hata harufu ya udugu. Kukagua kitu kama kiko sawa. Kuzuia jambo lisiendelee. Kitambaa cha mirabamiraba. Hundi ya benki, ambayo Mwingereza huiandika cheque na Mmarekani huiandika check. Bili ya chakula mgahawani, kwa Mmarekani huyohuyo. Tena kuna tamko la mchezaji wa chesi anapomwarifu mwenzake kuwa mfalme wake yuko hatarini. Anayejifunza Kiingereza ana haki ya kuuliza kama haya ni maneno sita yaliyogongana kwa tahajia tu.

Ni neno moja. Na hiyo maana ya chesi, inayoonekana ndogo kuliko zote, ndiyo iliyozaa nyingine. Check ni sauti ya mtu anayesema "mfalme!" kwa Kiajemi: shāh. Limepita katika Kiarabu, Kilatini na Kifaransa kabla ya kutua Uingereza, na kila lilipopita liliacha kitu na kuokota kingine. Nimelichagua kwa sababu karibu kila hatua ya safari yake ina ushahidi wa maandishi, jambo lisilo la kawaida kwa neno la umri huu, na kwa sababu Kiswahili nacho kimeupokea ukoo wake kwa milango miwili, mmoja wa Bahari ya Hindi na mwingine wa Ulaya.

Kwanza niseme namna kazi hii inavyofanywa, maana asili za maneno ni uwanja unaovamiwa na kila mtu. Watu huona maneno mawili yamefanana, wakayafungisha ndoa papo hapo. Mfanano peke yake hauthibitishi kitu. Chukua sheriff, ofisa aliyesimamia jimbo kwa niaba ya mfalme wa Uingereza, na sharifu, anayehesabiwa katika kizazi cha Mtume. Sauti karibu ileile, na wote wawili ni watu wa heshima. Lakini sheriff ni neno la Kiingereza cha kale, scirgerefa, yaani msimamizi wa scir, eneo la utawala ambalo leo huitwa shire. Sharifu ni la Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya utukufu. Hawajuani kabisa. Vivyo hivyo sheha wa Zanzibar: mtu anaweza kuapa kwamba cheo hicho kimetoka kwa shāh wa Uajemi, hasa akikumbuka simulizi za Washirazi, kumbe huenda kinatokana na shaykh la Kiarabu, mzee, na hivyo ni ndugu wa shehe wetu. Shaha, jina la heshima la mshairi bingwa, huyo ndiye mwenye haki ya kudai ukoo na shāh.

Mtafiti makini, kwa hiyo, hurudi nyuma hatua moja moja, na kwa kila hatua anadai mambo matatu kwa pamoja. Sauti ziwe zimebadilika kwa kanuni inayoonekana pia katika maneno mengine ya lugha hiyo. Maana iwe imesogea kwa njia ambayo akili inaweza kuifuata. Na watu wa lugha hizo mbili wawe walikutana kweli, kwa vita, biashara, dini au ndoa. Likikosekana moja, dai linasubiri.

Umoja na wingi wa Kifaransa

William wa Normandy aliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa vizazi kadhaa baada ya hapo watu wa ikulu, wa mahakama na wenye ardhi walizungumza Kifaransa. Michezo ya wakubwa nayo ikaja na majina yake. Kifaransa cha kale kililiita tamko la kumtishia mfalme eschec, na mchezo wenyewe kikauita kwa wingi, esches. Kiingereza kikachukua yote mawili: eschec likawa check, esches likawa chess. Maana yake check na chess ni neno lilelile, moja katika umoja na jingine katika wingi. Sauti ya k ilimezwa tu ilipokutana na s ya wingi. Anayesema chess anasema "wafalme".

Ile e ya mwanzo iliyoanguka Kiingereza nayo ina habari zake. Haikuwa mali ya asili ya neno. Kifaransa cha kale, kama Kihispania hadi leo, hakikupenda neno lianze na s ikifuatwa mara moja na konsonanti nyingine, hivyo kilitanguliza e. Schola la Kilatini, shule, likawa escole kwa Wafaransa na escuela kwa Wahispania. Msemaji wa Kiswahili anaielewa haja hiyo bila kufundishwa, kwa sababu sisi pia huzitenganisha konsonanti zilizobanana: brush imekuwa burashi, glass imekuwa gilasi. Basi ukiona eschec katika Kifaransa, unatarajia kukuta kabla yake neno linaloanza na sc. Na ndilo lililoko.

Kilatini cha zama za kati kina scaccus au scacus, na kwa wingi scaci. Katika monasteri ya Einsiedeln, Uswisi, kuna beti za Kilatini za mwishoni mwa karne ya 10 zinazoeleza sheria za mchezo huu, na ndizo zinazohesabiwa kuwa maandishi ya zamani zaidi ya Ulaya kuhusu chesi. Waandishi wa Kilatini hawakuwa na herufi ya sh, wala hawakuzoea neno linaloishia kwa h inayosikika. Wakaandika sc mwanzoni na c mwishoni, na hiyo c ya mwisho, iliyosomwa k, ndiyo k unayoisikia katika check leo. Waitalia wamebaki karibu na umbo hilo, scacchi. Wajerumani wana Schach. Warusi walibeba sentensi nzima ya ushindi, shakhmaty, wakaufanya jina la mchezo.

Rasi ya Iberia ndiyo iliyoshika njia nyingine. Kihispania kinauita mchezo ajedrez, Kireno xadrez, na maneno hayo hayana shāh ndani yake. Yanatokana na ash-shatranj, jina la mchezo kwa Kiarabu likiwa na kiambishi chake cha al-. Waislamu waliingia Hispania mwaka 711 na kukaa huko kwa karne nyingi, hivyo watu wa Iberia walijifunza mchezo kwa jirani aliyeujua vizuri na wakalichukua jina lake kamili. Wengine wa Ulaya walioupata kwa mbali zaidi walishika kile walichokisikia mara kwa mara ubaoni, ule ukelele wa mfalme. Napenda sana tofauti hii, kwa sababu inaonyesha kwamba lugha huokota neno kwa sikio la anayelihitaji, hata kama hakupewa jina sahihi la kitu.

Wageni ndani ya Kiarabu

Shāh katika Kiarabu ni mgeni, na ugeni wake unaonekana. Kiarabu kina neno lake la mfalme, malik, lililokaa vizuri katika familia ya mulk, ufalme, na milki. Shāh haliko katika familia yoyote ya namna hiyo. Lilitumika ubaoni pamoja na majina mengine ya Kiajemi ambayo Waarabu waliyageuza kidogo ili yatamkike. Hapa ndipo kanuni ya sauti inapofanya kazi yake nzuri. Kiarabu hakina p, wala ch, wala g ya kawaida katika lugha ya maandishi. Tembo wa Kiajemi, pīl, akawa fīl, yuleyule wa Sura ya Al-Fiil. Na kwa kuwa alikuwa mmoja wa vipande vya mchezo, Mhispania bado anakiita kipande hicho alfil, ijapokuwa Mwingereza alikigeuza kuwa askofu. Jina la mchezo, chatrang, lilipoteza ch na g kwa mpigo mmoja likawa shatranj. Mabadiliko hayo yanaweza kwenda upande mmoja tu. Mwajemi aliyelipokea fīl au shatranj kutoka kwa Mwarabu asingekuwa na sababu ya kulibadilisha, maana yeye sauti zote hizo anazo.

Waarabu waliiteka Uajemi katika karne ya 7, na kufikia karne ya 9 na ya 10 Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa wa shatranj waliocheza mbele ya makhalifa na kuandika vitabu juu ya mchezo. Al-Adli na as-Suli ndio wanaotajwa zaidi.

Nyuma ya Baghdad kuna ikulu ya Wasasani, wafalme wa Uajemi kabla ya Waarabu, huko Ctesiphon. Maandishi ya Kipahlavi, yaani Kiajemi cha kati, yanasimulia kwamba chatrang ilipelekwa kutoka India kwa Khosrow Anushirvan, aliyetawala kuanzia 531 hadi 579, kama fumbo la kuipima akili ya Waajemi. Simulizi ni simulizi, lakini neno linaiunga mkono. Chatrang ni chaturanga la Kisanskriti, "viungo vinne", jina la jeshi lenye matawi manne: tembo, farasi, magari ya vita na askari wa miguu. Mfalme wa ubao wa Kihindi aliitwa rāja. Waajemi walipoupokea mchezo walilipokea jina lake, ila mfalme wakamwita kwa lugha yao. Kwa hiyo mchezo ni wa India, lakini neno tunalolifuatilia ni la Uajemi, na lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu moja siku lilipokanyaga ubao.

Neno lililofungua maandishi yaliyopotea

Katika mlima wa Bisotun, magharibi mwa Iran, Dario wa Kwanza aliamuru ushindi wake uchongwe mwambani kwa lugha tatu: Kiajemi cha kale, Kielamu na Kibabeli. Dario alitawala kuanzia mwaka 522 hadi 486 kabla ya Kristo. Anajiita khshāyathiya khshāyathiyānām, "mfalme wa wafalme". Khshāyathiya ndilo shāh kabla halijachakaa. Kiajemi kilipokuwa kikibadilika, sauti ya kh iliyotangulia sh ilipotea: khshap, usiku, likawa shab, khshathra, ufalme, likaishia kuwa shahr, ambalo leo ni mji. Mikia ya maneno nayo ilikatika, na neno lote refu la Dario likabaki silabi moja.

Na neno hilohilo ndilo lililosaidia kuusoma tena mwandiko wa kikabari, ule wa alama zenye umbo la kabari ambao Dario aliutumia. Mwaka 1765 Carsten Niebuhr alinakili maandishi ya Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi ya kale, bila mtu yeyote duniani kuweza kuyasoma. Mwaka 1802 Georg Friedrich Grotefend, mwalimu wa shule huko Göttingen, alifikiri hivi: wafalme wa Kisasani, ambao maandishi yao yalikuwa yameshasomwa, walijitambulisha kwa mtindo mmoja, "fulani, mfalme mkuu, mfalme wa wafalme, mwana wa fulani". Huenda mababu zao walifanya vivyo hivyo. Akatafuta neno linalojirudia mara nyingi, na mara nyingine likijirudia bila nafasi katikati, la pili likiwa limeongezwa mkia. Alilipata. Akaliita "mfalme". Kisha akaona kwamba baba wa mmoja wa wafalme hao hakupewa cheo hicho, na historia ya Wagiriki ilimjua mfalme wa Uajemi ambaye baba yake hakuwa mfalme: Dario, mwana wa Hystaspes. Majina yakatoa sauti za herufi, herufi zikatoa maneno mengine. Wengine walisahihisha mengi baada yake, na Henry Rawlinson alikuja kuninginia kwenye mwamba wa Bisotun kunakili maandishi yake, lakini mlango ulifunguliwa kwa kubahatisha neno "mfalme" mahali pake.

Wasomaji wa Biblia wanamjua mtu mwingine wa ukoo wa neno hili. Ahasuero wa kitabu cha Esta ndiye Xerxes wa Wagiriki, na jina lake la nyumbani lilikuwa Khshayarshan, "atawalaye mashujaa". Mwanzo wake, khshay, ni kutawala, mzizi uleule. Upande wa India kuna kshatra, mamlaka, na kshatriya, tabaka la watawala na wapiganaji. Kiajemi na Kisanskriti ni lugha ndugu, na maneno haya ni urithi wao wa pamoja. Hakuna aliyemwazima mwenzake. Wanaisimu huenda hatua moja zaidi, hadi mzizi wa Kihindi-Ulaya wenye maana ya kupata na kumiliki, ambao Wagiriki waliufanyia ktaomai, kujipatia mali. Mzizi huo haukuandikwa popote. Umeundwa upya kwa kulinganisha watoto wake, na ndiyo sababu vitabu huuwekea nyota ndogo mbele, ili msomaji ajue amevuka mpaka wa maandishi na kuingia katika hesabu.

Mfalme amekufa, au ameduwaa?

Hapa inabidi nisimame kidogo kwa ajili ya checkmate, kwa sababu tafsiri inayosambazwa zaidi ni "mfalme amekufa". Shāh māt. Ukilisoma māt kwa Kiarabu ni kitenzi cha kufa, kutoka mzizi uliotupa mauti na maiti. Ukilisoma kwa Kiajemi, māt ni mtu aliyekwama, aliyeduwaa, asiyejua la kufanya. Kamusi kubwa zimegawanyika, na nyingi zinataja yote mawili.

Mimi naegemea upande wa Kiajemi, na sababu yangu iko ubaoni. Katika mchezo huu mfalme hauawi kamwe. Vipande vingine vyote huliwa na kuondolewa. Yeye hubaki palepale kwenye mraba wake, amezingirwa, hana pa kwenda, na mchezo unaishia hapo. "Mfalme amekwama" ni maelezo sahihi ya kinachoonekana. Pia tamko lina Mwajemi mmoja kwa hakika, shāh, na ni rahisi zaidi kuamini kwamba mwenzake alizaliwa nyumba hiyohiyo, kisha Waarabu wakalisikia kwa masikio yao na kulipa maana ya kifo iliyokuwa karibu. Anayeshika upande wa Kiarabu bado ana hoja: mchezo ulikuzwa sana mikononi mwa Waarabu, na ni kwao Ulaya ilikoupata.

Kuhusu mate la Kiingereza lenye maana ya rafiki au mwenzi, hilo ni neno jingine la Kijerumani cha kaskazini, linalohusu watu wanaokula pamoja. Limefanana na la chesi kama sheriff alivyofanana na sharifu.

Meza ya mfalme wa Uingereza

Kipande cha historia kinachonivutia kuliko vyote ni jinsi ubao wa mchezo ulivyogeuka kuwa wizara ya fedha. Katika enzi ya Henry wa Kwanza, aliyetawala kuanzia 1100 hadi 1135, mapato ya ufalme yalihesabiwa mezani. Richard FitzNeal, mweka hazina wa Henry wa Pili, alieleza utaratibu huo kwa Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1170. Meza ilikuwa na urefu wa futi kama 10 na upana wa futi 5, yenye ukingo ulioinuliwa kiasi cha vidole vinne ili kitu kisidondoke. Juu yake kilitandazwa kitambaa cheusi kilichochorwa mistari. Mistari hiyo ilitenga safu, na kila safu ilikuwa na thamani yake: peni, shilingi, pauni, korija za pauni, mamia, maelfu. Mhesabu alipanga vihesabio katika safu, akiongeza na kuondoa, na kila aliyekuwepo aliona kwa macho ni kiasi gani kimelipwa na kiasi gani kinadaiwa.

Ilibidi iwe hivyo. Tarakimu za Kirumi hazifai kujumlishia, sifuri ilikuwa bado haijazoeleka Uingereza, na sheriff aliyeitwa kutoka jimboni kutoa hesabu wakati wa Pasaka na wa sikukuu ya Mikaeli mara nyingi hakujua kusoma. Lakini hakuna asiyeona kihesabio kikiondolewa mezani.

Meza ile iliitwa kwa Kilatini scaccarium, kwa Kifaransa eschequier: ubao wa chesi. FitzNeal mwenyewe anatoa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ilifanana na ubao wa mchezo. Ya pili ni kwamba, kama wafalme wanavyopigana ubaoni, ndivyo mweka hazina na sheriff walivyopambana pale mezani, mmoja akidai na mwingine akijitetea. Jina la meza likawa jina la kikao, la kikao likawa la idara, na hadi leo waziri wa fedha wa Uingereza anaitwa Chancellor of the Exchequer. Hiyo ex- ya mbele ni marekebisho yasiyohitajika: waandishi waliokijua Kilatini walidhani es- ya Kifaransa ni ex- ya Kilatini iliyoharibika, wakairudishia x ambayo haikuwahi kuwepo. Ubao huohuo ndio ulioacha jina lake kwa kila kitambaa cha mirabamiraba na kwa kivumishi checkered.

Risiti za meza ile zilikuwa vijiti. Kijiti kilikatwa alama za kiasi kilicholipwa, kisha kikapasuliwa kwa urefu, nusu moja kwa mlipaji na nusu kwa serikali. Nusu zilipounganishwa tena alama zililingana, na asingeweza mtu kughushi upande mmoja. Vijiti hivyo viliachwa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 viliamriwa vichomwe katika matanuri yaliyokuwa chini ya jengo la Bunge, moto ukazidi nguvu, na Bunge lenyewe likateketea.

Kutoka kuzuia hadi kukagua

Turudi kwenye tamko. Mchezaji akisema check, mwenzake hana uhuru tena. Alichokuwa amekipanga lazima akiache, ashughulike kwanza na mfalme wake. Kwa hiyo tangu karne ya 14 Waingereza wanalitumia check kwa pigo lolote la ghafla, kikwazo, jambo linalomkatisha mtu njia. Kutoka kikwazo, kitenzi cha kuzuia. Maneno ya kikatiba ya Kimarekani, checks and balances, bado yako katika hatua hii: kila mhimili wa dola una namna ya kuuzuia mwingine, na anayeyatafsiri kwa kufikiria ukaguzi tu anapoteza nusu ya maana.

Hatua inayofuata ni kuzuia wizi na makosa, na njia ya kuyazuia ni kulinganisha nakala mbili. Kufikia karne ya 17 check imekuwa kuhakikisha, kukagua. Neno control lilipita njia hiyohiyo kwa Kifaransa: contrerolle lilikuwa daftari la pili la kulinganishia la kwanza.

Hundi inafuata hapo. Katika karne ya 18 check lilikuwa jina la kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni ili baadaye kilinganishwe na karatasi iliyotoka. Kishina kilikuwa kizuizi dhidi ya ughushi. Baadaye jina likahama kutoka kishina hadi karatasi yenyewe. Waingereza wakaiandika cheque, kwa kuvutwa na exchequer, na Wamarekani wakabaki na tahajia ya zamani. Kwa hiyo meza ya Henry na karatasi ya benki ni ndugu mara mbili: kwa damu kupitia shāh, na kwa tahajia kupitia macho ya makarani.

Milango miwili ya Kiswahili

Sataranji liko katika kamusi zetu. Ni shatranj la Kiarabu, sh ikiwa s, na irabu zikichomekwa mahali konsonanti zilipobanana, ile ile kazi ya burashi na gilasi. Limekuja kwa bahari, njia iliyotuletea pia bandari na serikali, maneno ya Kiajemi yaliyozama katika Kiswahili hadi hayatambuliki kuwa wageni. Anayesema sataranji anasema jeshi la viungo vinne, hajamtaja mfalme.

Chesi limekuja kwa mlango wa Kiingereza, na ndani yake kuna wafalme wa Kifaransa katika wingi. Kwa hiyo Kiswahili kina majina mawili ya mchezo mmoja, na yaliachana baada ya kupita katika Kiarabu: moja likashuka moja kwa moja upande wetu, jingine likazunguka Ulaya nzima.

Serikalini, mlango wa Kiingereza ulituletea pia ile meza. Tanganyika na Kenya zote ziliwahi kuwa na sheria iliyobeba jina la Exchequer and Audit, na mjini Nairobi taarifa za fedha zinazotolewa kwa wizara na kaunti bado zinachapishwa katika Gazeti Rasmi zikiwa na neno exchequer. Kwa Kiswahili tunasema Hazina, neno la Kiarabu. Benki nako hundi, la Wahindi, lilikuwepo kabla ya cheki, na limebaki na heshima ya maandishi rasmi huku cheki likisikika zaidi dirishani.

Halafu kuna cheki kitenzi, la Dar es Salaam na Nairobi, lisilohitaji mwalimu: cheki hiyo, nicheki jioni, nitakucheki. Maana imesogea tena. Kukagua kumelegea kukawa kutazama, na kutazama kukawa kumtafuta mtu kwa simu au kumpitia nyumbani. Katika sarufi kimeingia katika kundi la fikiri, rudi na jibu, vitenzi vya kigeni visivyobadilisha irabu ya mwisho hata katika ukanushi: sifikiri, sirudi, sijibu. Hapo kinagongana na kitenzi chetu cha zamani, cheka, ambacho a yake hugeuka i kikikanushwa. "Sicheki" inaweza kuwa mtu asiyecheka, au mtu asiyeangalia. Wasemaji hujitoa kwa kuongeza kiambishi cha kitu, siicheki hiyo mechi, au huuachia muktadha. Penye kutendana hakuna mgongano, kwani cheka hutoa chekana na cheki hutoa chekiana. Ndiyo maana vijana wanaweza kuagana kwa "tuchekiane kesho" bila kueleweka kwamba wamepanga kwenda kuchekana.